Programu ya ramani isiyohitaji intaneti: uzoefu wangu katika kupanga kambi ya ziwani

Nianze na maksi: nne kati ya tano. Ile moja niliyoinyima nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayoweza kukulaza majini.

Ninayoizungumzia ni programu ya ramani ya kwenye simu, ya aina ile ambayo unapakua eneo zima ukiwa nyumbani, kisha unaitumia porini bila mtandao. Jina siliweki kwa sababu programu hizi zinafanana mno. Nyingi huchota njia, vijito na kingo za maziwa kutoka OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayojazwa na watu wa kujitolea. Mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, nayo hutengenezwa kutokana na vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka angani. Ukihama programu utabadilisha rangi na vitufe, ardhi utaikuta ile ile. Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja tu: nichague pa kusimika hema kando ya ziwa, miguuni pa milima yenye msitu, kabla sijafunga mzigo.

Toleo la bure lilinionyesha njia na maji, basi. Kontua ndizo zilizonifanya nilipie, na sijuti. Mistari ikisongamana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare. Ikijikunja huku ncha yake ikielekea mlimani, hapo pana korongo hata kama hakuna kijito kilichochorwa. Ukishazoea macho hayo, ufuo wa ziwa unaanza kukusimulia. Natafuta mahali ambapo mistari ya kwanza juu ya maji inaachana kabla ya kusongamana tena. Hicho ni kibaraza cha ardhi kilichoinuka kidogo, na mara nyingi ndipo pa kulala. Tambarare ya chini kabisa, ile inayogusa maji, inavutia kwenye skrini lakini huwa ni kinamasi, matete na mbu.

Kuna sababu nyingine ya kupenda kibaraza. Usiku hewa ya mlimani hupoa, huwa nzito, na hutiririka kuteremka kufuata makorongo hadi kwenye bonde la ziwa, ambako hutuama. Kwa hiyo aliyelala bondeni kabisa anaweza kuamka na baridi kali na hema lililolowa umande ndani na nje, wakati aliye mita chache juu yake hana habari. Mdomo wa korongo ni mbaya zaidi: usiku unapigwa na upepo huo, na mvua ikinyesha huko juu, maji yanakuja kwako hata kama kwako hakukunyesha. Programu haikwambii lolote kati ya haya, ila inakuchorea korongo na mdomo wake waziwazi. Kilichobaki ni kazi yako.

Kitu kidogo nilichokitumia kuliko nilivyotarajia ni kile cha kugusa ramani ukapata mwinuko wa pale. Utabiri wa hali ya hewa tunaoupata kwa kawaida ni wa mji ulio chini. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo ziwa lililo mita 1,200 juu ya mji huo ulihesabie karibu nyuzi nane pungufu, kisha uongeze ile baridi ya kutuama. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniamulia mfuko wa kulalia, si maneno ya muuzaji.

Kipengele cha kivuli cha jua nacho kinastahili sifa. Unachagua tarehe na saa, ramani inakuonyesha mlima unatupa kivuli wapi. Milima ikiwa upande wa magharibi, jua linazama nyuma yake mapema kuliko saa za machweo zilizoandikwa, na kupika gizani si mchezo. Ikiwa mashariki, asubuhi utasubiri sana jua likukaushie hema. Nilichagua ufuo unaopata jua la kwanza, nikaukubali ule usiku wa mapema kama gharama yake.

Rula ya kupimia umbali ni ya kawaida lakini usiipuuze. Kanuni inayofuatwa na wapiga kambi wengi ni kukaa angalau mita 60 kutoka kwenye maji, kama hatua 70 za mtu mzima. Wanyama nao wana haki ya kufika kunywa, na maji ya kuoshea vyombo yanahitaji udongo wa kuyachuja kabla hayajafika ziwani. Eneo la hifadhi likiwa na sheria yake, hiyo ndiyo inayotawala. Ruhusa na sheria za kuwasha moto hazimo kwenye ramani, uliza ofisi inayohusika kabla ya kuondoka.

Makadirio ya muda wa kutembea? Yapunguzie imani. Programu yangu ilikuwa ikihesabu kana kwamba natembea uwanjani mikono mitupu. Mimi hurudi kwenye kanuni aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Na hiyo ni ya mtu mwenye afya kwenye njia nzuri. Ndani ya msitu, na begi la siku kadhaa mgongoni, naongeza tena, ili nifike kambini ningali naona miguu yangu.

Sasa ile maksi iliyopotea.

Kwanza, kontua za msituni si za kuaminiwa hadi mita ya mwisho. Data ya mwinuko inayotumika sana duniani ilipimwa Februari 2000 na rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour. Mawimbi ya rada ile hayakupenya msitu mnene hadi chini, kwa kiasi kikubwa yaligonga matawi na majani yakarudi. Matokeo yake, vipimo vya msituni huwa viko juu kuliko ardhi yenyewe, na mahali msitu unapokoma ramani inaweza kukuchorea ngazi ambayo haipo. Tena vipimo viko takriban kila mita 30, kwa hiyo jabali au shimo dogo linamezwa katikati. Kibaraza changu kizuri kilikuwepo kweli, ila kilikuwa chembamba kuliko ramani ilivyodai. Hili silioni kama kosa la waliotengeneza programu. Tatizo ni kwamba hawakwambii. Mstari umechorwa mwembamba na safi, nawe unauamini.

Pili, na hili ndilo linaloniudhi: ukingo wa ziwa. Kwenye ramani ni mstari mmoja wa buluu, kama kwamba maji yamefungwa kamba. Ziwa halikai hivyo. Hupanda na kushuka kwa misimu, na likiwa na bwawa la kuzuia maji linaweza kubadilika upesi zaidi. Ule mstari ni ziwa lilivyoonekana siku fulani, pengine miaka iliyopita, kwenye picha ambayo mchoraji alikuwa nayo. Mita zako 60 unazipima kutoka wapi, basi? Dawa niliyoipata ni kuwasha tabaka la picha za setelaiti na kuangalia ufuo: ukiona ukanda mweupe au wa kahawia usio na mimea, huo ni wa ziwa, limeuazima kwa muda. Pima kuanzia mwisho wa ukanda huo kwenda juu. Ukifika, tafuta mstari wa vijiti na takataka zilizoachwa na maji, hauna siasa. Na kabla ya kusimika hema inua kichwa: mti mkavu au tawi lililoning'inia haviko kwenye ramani yoyote.

Kuhusu GPS, mfumo wa setelaiti unaoiambia simu ulipo, wapo wanaodhani bila mtandao haifanyi kazi. Inafanya. Simu inapokea tu ishara za setelaiti zilizo karibu kilomita 20,200 juu yetu, laini ya simu haihusiki. Ila mtandao ukiwepo husaidia kuzipata upesi, kwa hiyo fungua programu mapema ukiwa mahali peupe, kabla hujaingia chini ya miti. Ndani ya msitu na ubavuni mwa mlima kile kinukta chako kitarukaruka, kiache kitulie kabla ya kukifuata.

Simu iweke kwenye hali ya ndegeni, kwani kutafuta mtandao usiokuwepo kunamaliza chaji haraka. Baridi pia hudhoofisha betri, hivyo usiku lala nayo, pamoja na pawabenki. Mimi hubeba na karatasi niliyochapisha ya eneo lile lile. Simu ikizama ziwani karatasi haijali.

Kabla ya safari zima data na Wi-Fi, kisha vuta ramani karibu kabisa kwenye kila sehemu ya njia, uone kama kweli imepakuliwa. Programu yangu ilisema imepakua kila kitu, lakini picha za setelaiti zilikuwa za mbali tu, za karibu zilihitaji kuchaguliwa pembeni. Zinakula nafasi kubwa, kwa hiyo chagua ziwa na njia yake, si mkoa mzima.

Jambo la mwisho ni la mfukoni. Usajili unajirudia wenyewe kila mwaka, na kitufe cha kuuzima kimefichwa kwenye mipangilio ya duka la programu, si ndani ya programu yenyewe. Niliuzima siku ile ile niliyolipa, na toleo la kulipia liliendelea kufanya kazi hadi muda wake ulipoisha.