Mgahawa mzuri ambao mfanyakazi akiumwa siku yake inakatwa

Nimekula katika mgahawa huu mara tatu ndani ya majuma matano, na nitaanza kwa kuupa haki yake. Supu huletwa ikiwa ya moto, samaki hupikwa akaiva bila kukauka, vitambaa vya meza hubadilishwa kila mteja anapoondoka, na wahudumu wanakumbuka uliagiza nini mara ya mwisho. Kwa mambo hayo ningeupa nyota nne kati ya tano bila kusita. Nimeupa mbili, kwa sababu moja tu: mfanyakazi wa hapa akiumwa, siku yake inakatwa. Jina la mgahawa sitalitaja, kwa kuwa wahudumu ni wachache na yule aliyezungumza nami angetambulika mara moja.

Mara ya kwanza nilihudumiwa na dada mmoja ambaye macho yake yalikuwa mekundu na sauti imemkauka. Alipokuwa akikaribia kushusha bakuli la supu alishikwa na kikohozi, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na vyombo, aligeuza uso akakoholea begani, kisha akasimama hivyo hivyo, macho ameyafumba, akingoja kifua kitulie ndipo alishushe. Halikumwagika hata tone. Nikamwambia, "Pole, dada. Unaumwa?" Akajibu, "Nimeshapoa, mama, asante." Aliponiletea hesabu nilimuuliza tena, maana alikuwa amejiegemeza kwenye kiti kilichokuwa wazi, na hapo ndipo aliponiambia kwa sauti ya chini kwamba ile ilikuwa siku ya tatu ana homa. "Nikilala nyumbani siku inakatwa," alisema, "na mwezi huu nimeshakatwa mbili za mtoto." Alikuwa na maana ya siku mbili alizokaa nyumbani kumuuguza mwanawe.

Ukienda kunawa mikono unapita mbele ya mlango wa jikoni, na ukutani, kando ya sinki la wafanyakazi, kumebandikwa tangazo la herufi kubwa linalosema kwamba yeyote anayetapika, anayeharisha, mwenye homa au mwenye kidonda mkononi asiingie jikoni na amjulishe msimamizi. Ni tangazo sahihi, na sina neno la kulipunguza wala kuliongeza katika upande wa afya. Lakini kwenye ubao uleule, umbali wa kiganja tu, kuna karatasi ya mahudhurio ya mwezi, majina yameandikwa upande wa kushoto na tarehe juu, na kila siku ambayo mtu hakufika imechorwa alama kwa wino mwekundu. Niliuliza kama kuna alama tofauti ya aliyeumwa na ya aliyetega, nikaambiwa hakuna. Zote huhesabiwa pamoja mwisho wa mwezi na kukatwa sawa. Mtu aliyeamka na homa saa kumi na moja alfajiri, mwenye kodi ya nyumba na ada ya mtoto, hatahangaika kufikiri ni karatasi ipi kati ya hizo mbili aifuate.

Jambo hili si la mgahawa mmoja. Mwaka 2023 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha uchunguzi wa milipuko ya magonjwa yaliyotokana na chakula cha migahawani na sehemu nyingine za kuuzia chakula kati ya mwaka 2017 na 2019. Katika milipuko ambayo namna chakula kilivyoingia vijidudu ilifahamika, kiasi cha asilimia 40 ilihusishwa na mfanyakazi aliyekuwa mgonjwa. Kati ya mameneja 725 waliohojiwa, asilimia 92 walisema wana utaratibu wa kumtaka mfanyakazi atoe taarifa anapoumwa, lakini waliosema kwamba mfanyakazi huyo hulipwa siku za ugonjwa hawakufika nusu. Nilipozisoma takwimu hizo nilikumbuka ule ubao wa jikoni. Tangazo karibu kila mahali lipo. Malipo ndiyo yanayokosekana. CDC hiyohiyo ilikuwa imeeleza mwaka 2014 kwamba mfanyakazi mmoja kati ya watano wa migahawani alikiri kuwa katika mwaka uliopita aliwahi kufanya kazi walau zamu moja huku akitapika au kuharisha, na kwamba hofu ya kupoteza kazi na ya kuwaachia wenzake mzigo ilikuwa miongoni mwa sababu.

Mteja anapaswa kuelewa ni nini hasa kinachomfikia mezani. Norovirus, kirusi kinacholeta kutapika na kuharisha, kwa kawaida humlaza mtu siku 1 hadi 3, na ushauri wa wataalamu ni kwamba anayeshika chakula asirudi jikoni mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome, kwa kuwa bado anakitoa kirusi hicho hata akijisikia mzima. Dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haikiui vya kutosha. Inatakiwa sabuni na maji yanayotiririka. Kwa hiyo mpishi mwaminifu, akifuata tangazo la ukutani neno kwa neno, anaweza kukosa kazi siku 5 kwa ugonjwa ambao wengine wanauita tumbo la kawaida, na kwenye karatasi ya pili siku hizo ni alama 5 nyekundu. Na siku mbili za mwisho ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu mwili unamwambia amepona na mfuko unamwambia akimbilie kazini.

Nilimwomba msimamizi dakika chache, naye alinipa, jambo ninalomshukuru kwa dhati. Alikuwa mtu muungwana na alijibu kila nililouliza. Alisema kwanza kwamba wafanyakazi wengi hapo ni vibarua wa kutwa, hivyo likizo ya ugonjwa haiwahusu. Pili, kwamba mgahawa hauna fedha ya kumlipa aliyelala nyumbani na papo hapo kumlipa aliyemshikia zamu. Tatu, kwamba wakianza kulipwa, kila Jumatatu nusu yao watakuwa wagonjwa. Hoja ya pili ninaiheshimu, kwa kuwa biashara ndogo kweli hubanwa, na mwenye meza kumi na mbili hana akiba ya mwenye hoteli. Hoja ya kwanza inanisikitisha. Yule dada aliniambia ana mwaka wa nne hapo, zamu sita kwa juma. Kumwita mtu kibarua wa kutwa kwa miaka minne ni njia ya kumwondolea haki ambayo angekuwa nayo kama angeandikiwa mkataba.

Na haki hiyo si ngeni duniani. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, iliyompa mgonjwa fedha ya kujikimu kwa hadi wiki 13. Hata hivyo, wafanyakazi wa mikono walibaki nyuma ya wale wa ofisini, ambao waliendelea kulipwa mshahara wao kwa wiki 6 wakiumwa, na ndiyo maana wafanyakazi wa viwanda vya chuma wa jimbo la Schleswig-Holstein waligoma kwa siku 114, kuanzia Oktoba 1956 hadi Februari 1957. Walisimama kwenye baridi majira yote ya kipupwe wakidai kwamba homa ya fundi ihesabiwe sawa na homa ya karani. Leo mwajiri wa Ujerumani humlipa mgonjwa mshahara kamili kwa wiki 6, kisha bima ya afya huendelea. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya siku hizo kwa mshahara kamili na nusu nyingine kwa nusu mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyekwisha kufanya kazi miezi 2 siku zisizopungua 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kila mwaka. Marekani, kwa utajiri wake wote, haina sheria ya taifa zima ya kumlipa mfanyakazi wa kampuni binafsi anapoumwa. San Francisco ulikuwa mji wa kwanza huko kuifanya kuwa lazima, mwaka 2007, kwa hesabu ya saa 1 ya likizo kwa kila saa 30 za kazi. Hesabu hiyo ya saa ninaipenda kwa sababu inamfikia hata anayefanya zamu tatu tu kwa juma, mtu ambaye sheria nyingi humruka.

Shirika la Kazi Duniani nalo limeweka kiwango cha chini cha malipo ya mgonjwa tangu zamani. Mkataba wake namba 102 wa mwaka 1952 ulitaja asilimia 45 ya kipato, na namba 130 wa mwaka 1969 ukapandisha hadi asilimia 60. Lakini mikataba yote miwili inaruhusu siku 3 za kwanza zisilipwe, na hapo mimi sikubaliani. Labda kwa aliyevunjika mguu siku 3 ni sehemu ndogo ya miezi atakayolala. Kwa mpishi mwenye norovirus, kwa mhudumu mwenye mafua makali, siku 3 za kwanza ndizo ugonjwa wenyewe, na ndizo anazoambukiza kuliko nyingine zote. Likizo inayoanza kulipwa siku ya nne inamkuta mtu huyo ameshawaambukiza wenzake na ameshahudumia meza zote.

Kuhusu hofu ya msimamizi kwamba watu watajifanya wagonjwa, sisemi hakuna wanaotega. Wapo kila kazi. Dawa ya kawaida ni kudai cheti cha daktari, na kwa ugonjwa wa wiki mbili ninaona ni haki. Kwa kuharisha kwa siku moja ni adhabu. Mtu anayekimbilia chooni kila nusu saa anatakiwa apande gari, apange foleni zahanati, alipe kumwona daktari, ili apewe karatasi ya kuthibitisha kilichokuwa wazi tangu alfajiri. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, nasi tunamuuliza mhuri. Likizo yenye idadi maalumu ya siku kwa mwaka tayari ina mpaka wake: anayezitumia kwa kutega atazikosa atakapoumwa kweli, na watu wanalijua hilo.

Nitalinganisha na mgahawa mwingine ninaoufahamu kwa muda mrefu, mdogo kuliko huu, ambao nao sitautaja ili hao wa kwanza wasitambulike kwa ujirani. Huko mwenye mgahawa hulipa siku ya ugonjwa kuanzia ya kwanza, kwa idadi maalumu kila mwaka, na cheti hudaiwa kuanzia siku ya tatu. Ana orodha ya watu watatu wa akiba, wawili kati yao wafanyakazi wake wa zamani, wanaoitwa kwa simu mtu anapoumwa. Nilimuuliza kama hakuona hasara. Akanijibu kwamba hasara aliyoiona ni ile ya mwaka mmoja kabla, mhudumu mmoja alipokuja na mafua na ndani ya juma jiko zima likalala, akalazimika kufunga siku mbili. Chakula chake, niseme ukweli, hakifikii cha mgahawa huu ninaoutathmini. Supu yake huwa na chumvi nyingi. Lakini huko sijawahi kumwona mtu akifumba macho kabla ya kushusha bakuli.

Mara yangu ya pili kwenye mgahawa huu, siku kumi na moja baada ya ile ya kwanza, yule dada alikuwa amepona, na aliyekuwa akikohoa ni mwenzake wa mapokezi ya fedha. Mara ya tatu niliketi mahali ninapoona jikoni. Mpishi msaidizi alikuwa akikata mboga huku kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa kilicholowa, na juu yake amevaa glavu ambayo ncha yake ilikuwa imechanika. Kidonda chenye usaha huweza kubeba Staphylococcus aureus, bakteria ambao sumu yao ikishaingia kwenye chakula haiharibiwi hata kwa kuchemsha. Tangazo la ukutani limekitaja kidonda cha mkononi kwa jina. Kijana yule alikuwa amelipa mgongo tangazo lenyewe, hatua tatu kutoka liliponing'inia, na sikuweza kumlaumu. Siku hiyo niliagiza mkate na chai, nikalipa, nikaondoka.

Nimeandika haya yote kwa urefu kwa sababu mgahawa huu unastahili kurekebishika. Jiko lake ni zuri, wapishi wake wana mikono, msimamizi wake anasikiliza. Nimemwachia barua mwenye mgahawa nikimweleza kwamba nyota mbili nilizozuia nitazirudisha siku nitakayoona chini ya lile tangazo la jikoni umeongezwa mstari mmoja, kwa herufi kubwa zilezile: na siku yako utalipwa.