Vifaranga wa siku moja: kuku mlezi au bruda?

Kama umenunua vifaranga 100, kuku mlezi hatakutosha. Wa kienyeji hufunika vizuri 10 hadi 15 tu. Hapo ni bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto la kutengeneza: nyuzi joto 32 hadi 35 wiki ya kwanza, maranda makavu, na jiko la mkaa karibu endapo umeme utakatika usiku.

Kwa vifaranga kumi wa uani pale Mbagala, mimi nachagua kuku. Hahitaji umeme wa LUKU, anawafundisha kuparua, na kunguru wa Dar akishuka atamkuta mama. Ila awe ameatamia karibu wiki tatu. Subiri giza, toa yai moja chini yake, penyeza kifaranga mmoja mwenye siku moja hadi tatu, kisha sikiliza. Akitoa sauti ya chini, ya kubembeleza, ongeza wengine. Alfajiri uwepo: akiwadonoa vichwani, waondoe papo hapo. Mkague utitiri kwanza, maana atawaambukiza. Na mayai yake utayakosa kwa wiki kadhaa.

Chanjo ya kideri ni lazima kwa wote, wa bruda na wa mama.