Uzoefu wangu na kikamulio cha limau cha kubana: nyota nne kwa soda ya aiskrimu, mbili kwa machungwa

Nilikinunua kwa kazi moja. Joto likishapanda, nyumbani kwangu kinachoombwa ni soda ya aiskrimu yenye limau, yaani maji ya soda yenye aiskrimu ndani, na kukamua malimau kwa vidole kulishanichosha. Ni kile kikamulio chenye mipini miwili na bawaba: chini kuna kibakuli chenye matundu, juu kuna kichwa cha mviringo kinachoshuka ndani yake. Changu ni cha alumini iliyopakwa rangi ya njano. Nimekitumia msimu mzima wa joto, kwa hiyo sisemi kama mtu aliyefungua boksi jana.

Nianze na namna ya kukitumia, maana maelezo yaliyokuja nacho hayakugusa jambo lenyewe. Nusu ya limau inawekwa upande uliokatwa ukitazama matundu, ganda likiwa juu. Umbo la kibakuli linakushawishi ufanye kinyume, na ukifanya kinyume juisi inakosa pa kupita na kukurukia machoni. Kata pia ile ncha ngumu ya limau kwanza. Ukibana vizuri, ganda linatoka limepinduka, la ndani limekuwa nje, na halibaki hata tone.

Kule kupinduka ndiko kunakonifanya nikisifu. Vifuko vya mafuta vilivyo kwenye ngozi ya njano vinapasuka, na mafuta yanashuka pamoja na juisi. Ukiinua bakuli kwenye mwanga utaviona viduara vidogo vinavyong'aa vikielea juu. Harufu tunayoiita ya limau imo humo zaidi kuliko kwenye maji ya tunda. Na kwa kinywaji hiki hilo ni jambo kubwa, kwa sababu baridi hupunguza ladha mdomoni: kilichokuwa na utamu na harufu ya kutosha kabla ya kupozwa kinakuwa chapwa kikiwa na aiskrimu ndani.

Wengi wakiona kimekuwa chapwa huongeza juisi. Maziwa hayataki. Kaseini, protini kuu ya maziwa, huanza kushikana na kuganda kwenye pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) ya 4.6 hivi, na juisi ya limau iko kati ya 2 na 3. Mimina juisi nyingi juu ya aiskrimu ya vanila uone: muda si mrefu chembechembe nyeupe zimeganda ukutani mwa glasi, maziwa yamekatika. Hakuna atakayeumwa, lakini kuonekana kwake kunakata hamu. Ndiyo maana nasema kwa soda ya aiskrimu tafuta harufu ya ganda, uchachu uje kidogo. Kikamulio cha koni, kile cha kuzungushia tunda kwa mkono, kinatoa juisi safi tu. Ganda linabaki na mafuta yake na kwenda nayo jalalani.

Ninavyotengeneza mimi: napika shira ya kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, naepua sukari ikishayeyuka, kisha natumbukiza yale maganda yaliyobanwa yakiwa bado mabichi. Yakae humo mpaka shira ipoe, si zaidi, maana utando mweupe wa ndani ukikaa sana unaleta uchungu. Nachuja na kuweka kwenye friji. Glasi moja ndefu inapata vijiko vikubwa viwili vya shira, kimoja cha juisi, na maji ya soda ya baridi kali kama mililita 150. Halafu aiskrimu, kijiko kimoja kikubwa cha mviringo, inashushwa taratibu ukingoni mwa glasi.

Mpangilio huo usiugeuze. Ukitanguliza aiskrimu kisha ukamwaga soda juu yake, povu litapanda na kufurika kabla hujafika nusu. Aiskrimu imejaa viputo vya hewa na chembe za barafu, na gesi ya soda inapata pa kujishikiza na kutoka kwa wingi. Mafuta na protini za maziwa zinalishika povu lisivunjike. Kidogo ni raha, ndiyo sehemu ninayoila kwa kijiko kwanza. Likizidi, unafuta meza. Na soda iwe baridi kweli, kwa sababu maji ya uvuguvugu hayashiki gesi, na aiskrimu inayeyuka kabla hujakaa.

Kuhusu aiskrimu yenyewe, ile nyepesi iliyojaa hewa inaelea vizuri lakini inaisha upesi na kuacha maji meupe. Nzito yenye krimu nyingi inazama kidogo, inayeyuka polepole, na harufu ya ganda inakaa nayo, kwa kuwa mafuta ya limau huyeyuka kwenye mafuta ya maziwa. Mwenye kupenda uchachu mkali atumie aiskrimu ya matunda isiyo na maziwa. Hapo amwage juisi anavyotaka, hakuna cha kukatika.

Sasa lawama. Chungwa la kawaida haliingii. Nimelazimika kulikata robo robo, na robo haikai sawa: inateleza pembeni, kichwa kinabana ganda huku nyama ikibaki nzima. Balungi hata usijaribu. Chenza ndogo inaingia, na soda yake ni tamu ajabu, shira inatosha kijiko kimoja. Ndimu inakaa kana kwamba kifaa kilichongwa kwa ajili yake. Lakini boksi lilikuwa na picha ya chungwa, na hilo sikulipenda.

La pili linaniudhi zaidi. Rangi ya njano imeanza kubanduka kuzunguka matundu, pale pale asidi inapopita, na alumini iliyo wazi chini yake imepata weusi. Maelezo yalidai kinaweza kuoshwa kwa mashine. Mimi nimekiosha kwa mkono na sabuni tangu mwanzo na bado kimebanduka. Nilimwandikia muuzaji nikiambatanisha picha. Jibu lake lilikuwa kwamba hayo ni matumizi ya kawaida. Sasa limau kwenye kikamulio cha limau lingekuwa matumizi gani? Sitaki vipande vya rangi kwenye glasi ya mtoto, kwa hiyo kila juisi naichuja kwa chujio la chai, jambo linaloondoa pia mbegu ndogo zinazoponyoka kwenye matundu.

Kwa anayenunua leo, umbo hili hili lichukue, ila la chuma cha pua kisichopakwa chochote, na mipini iwe mirefu. Huo urefu usiudharau. Mifupi kama ya kwangu inadai nguvu nyingi, na ukikamulia kundi la watu viganja vinauma. Mwenye maumivu ya viungo vya vidole atafute cha kusimama mezani chenye mpini wa kushusha, na maganda ayakwangue kwa upande mwembamba wa kikwangulio cha karoti, ngozi ya njano tu, moja kwa moja kwenye shira.