Mlo na Mashairi Mikindani: Moshi wa Korosho Unapoutangulia Ubeti

Mikindani, mji mkongwe wa bandari ulio kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, umezoea wageni wanaokuja kutazama kuta. Hulipiga picha Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, huoneshwa milango ya nakshi na magofu ya nyumba za matumbawe, huambiwa kwamba David Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho ya kwenda bara, kisha hupanda gari na kurudi mjini kula chipsi. Huduma ninayoitathmini hapa humtaka mgeni abaki mpaka usiku uingie. Katika ua wa nyumba moja ya mawe isiyo na kibao cha jina, mama mmoja mpishi pamoja na wanawe huandaa kila Jumamosi vyakula vya kusini vikiambatana na mashairi ya kughaniwa, na ahadi yao kwa mteja wameiandika kwa chaki mlangoni: utakula na utakumbuka kwenu. Nilikwenda nikiwa na mashaka, kwa sababu nimekwisha kukalishwa katika hafla nyingi ambamo utamaduni maana yake ni viti vya plastiki vilivyovishwa khanga na ngoma ya kukodi inayochezwa huku wapiga ngoma wakitazama saa.

Jambo wanalolifanya vizuri kuliko mahali pengine popote nilipokula kusini ni mpangilio. Mgeni akifika hapewi orodha ya vyakula. Huoneshwa mkeka au kigoda, huletewa maji ya kunawa, na hatua chache mbele yake kuna mafiga matatu yaliyobeba debe lililokatwa ubavu na kutobolewa matundu chini. Humo humiminwa korosho zikiwa bado na maganda yake. Kwa kitambo hakuna linaloonekana. Kisha maganda huanza kutoa mafuta, debe huchachatika, na moshi mweusi, mzito, unaokwaruza koo, hupanda hadi kwenye majani ya mwembe. Mara moto huruka na kuingia ndani ya debe lenyewe, na korosho zote huwaka kwa pamoja. Mpishi hulipindua debe kwa mti mrefu, huzimwagia mchanga zizimike, na watoto wa nyumbani hukaa chini na mawe yao kuzibangua. Mafuta yale ni makali na huchubua ngozi, na kila aliyekulia Newala, Tandahimba, Masasi au Nachingwea anajua ilivyo kuila korosho ya moto kwa pupa na kuamka kesho yake midomo imebabuka.

Binti anayehudumu alimwona mzee mmoja akinyoosha mkono kwenye fungu lililokuwa bado linafuka, akamwahi kwa adabu: "Shikamoo babu. Hizo bado za moto, ngoja nikubangulie."

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee alimjibu huku akilivuta jiwe upande wake. "Mimi nilianza kuzibangua mama yako hajazaliwa."

Ni baada ya hapo tu, moshi ukiwa bado haujaondoka uani na vidole vya wageni vimeshaingia weusi, ndipo malenga husimama. Hatambulishwi na mtu yeyote. Hughani polepole, bila kinanda wala ngoma, na shairi la kwanza tulilolisikia lilikuwa na ubeti huu:

Moshi mweusi wafuka, debe li juu motoni,
Ganda linapopasuka, twajibanza ukutani,
Bibi mchanga ateka, aumwaga mle ndani,
Vidole vyatubabuka, na utamu u kinywani.

Si ubeti wa kutikisa dunia, na mshairi mkali angeweza kuutafutia kasoro. Hata hivyo, yule mzee aliacha kubangua, jiwe likabaki mkononi. Kwa upande wangu, nilimwona shangazi yangu katika ua wa Newala akiwa amejiziba pua kwa upindo wa khanga aliouchovya kwenye maji, jambo ambalo ubeti haukulitaja na ambalo lilikuwa limenitoka kabisa tangu utotoni. Nililiona kwa rangi yake: khanga ya bluu iliyopauka, na mtungi wenye maji kiasi, kwa maana Newala ya wakati ule maji yalikuwa ya kuteremkia bondeni na kupanda nayo, wala hayakuwa ya kuchezea kwa kuchovya khanga hovyo. Ndiyo maana, nadhani, lilinishangaza nikiwa mtoto.

Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba habari za kuona, kusikia na kugusa hupitia kwanza katika kituo cha ndani ya ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kusambazwa kwingineko, ilhali harufu hufika bila kupitia kwanza kituo hicho katika sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Tafiti zimeonesha pia kwamba kumbukumbu zinazoamshwa na harufu mara nyingi ni za miaka 10 ya kwanza ya maisha, wakati zile zinazoamshwa kwa maneno au picha huelekea zaidi kwenye ujana. Kwa hiyo mpishi huyu, awe anajua au hajui, anaanza na mlango wa fahamu unaofika mbali zaidi. Lakini harufu ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba haina maneno. Inaweza kukushika ukiwa sokoni, ukasimama ghafla katikati ya watu, moyo umejaa, na usijue ni nini kilichokusimamisha. Shairi ndilo linalokuja na majina: debe, mchanga, ukuta, bibi. Tena huyaleta katika mizani 16 kwa kila mshororo, nane kwa nane, yakiwa na vina vya kati na vya mwisho, na sikio la mtu aliyekua akisikiliza Malenga Wetu kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam hukingoja kina kabla hakijatamkwa. Katika kukingoja huko, akili hujitafutia neno lake yenyewe, na inapolitafuta ndipo inapokutana na mambo yake.

Hoja hii haihitaji uthibitisho zaidi ya mshairi wa pili wa jioni ileile, ambaye alivaa vizuri kuliko wa kwanza na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya wa kwanza. Alighani shairi refu kuhusu utamu wa nyumbani. Mizani yake ilikuwa sawasawa, vina vyake havikugoma hata kimoja, na kibwagizo chake kilitukumbusha kila baada ya mishororo mitatu kwamba nyumbani ni nyumbani. Hapakuwa na kitu kimoja ndani yake cha kushika mkononi: hapakuwa na chungu, mti, njia wala jina la mtu. Wageni walimpigia makofi kwa heshima, wakarudi kwenye simu zao. Pwani hii haina uhaba wa ushairi unaosimama juu ya mambo yenyewe. Lindi, jirani zetu, ndiko alikoishi Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na utenzi wa namna ile hausimami kwa kusifu tu. Ningewashauri wenye nyumba wawasikilize malenga wao kabla ya Jumamosi, kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kuupakua.

Chakula chenyewe kinastahili safari. Hutangulia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba inayochimbwa porini, ambayo Mtwara yote huila njiani kwa chumvi na pilipili. Ilikuwa imeiva barabara, ganda linavuliwa kwa vidole, na ndani ni nyeupe, laini, yenye ladha ya mbali ya udongo ambayo ndiyo hasa inayotafutwa. Hapo wenye nyumba walifanya kosa ambalo sikulitarajia kwa watu makini kiasi hiki: walituwekea pembeni chupa ya tomato. Kijana mmoja aliimwagia ming'oko yake mpaka ikawa myekundu, na sina ugomvi naye, kwa kuwa alikula alichopewa. Baadaye ilikuja mbaazi ya nazi, nzito, iliyounganishwa kwa tui la kwanza, pamoja na wali, kisamvu na samaki wa kuchoma aliyetoka ghubani siku hiyohiyo. Nazi hukunwa hapohapo, na ninaiweka sauti ya mbuzi ikikwangua kifuu katika hesabu ya mambo yaliyonigusa, pengine kuliko hata mbaazi yenyewe. Mpishi alikuwa amemkalisha mwanawe wa mwisho juu ya ile mbuzi karibu na wageni, na sidhani kuwa ilikuwa bahati tu. Kisamvu kilizidi chumvi.

Malalamiko yangu makubwa mawili yanahusu pua na masikio, kwa sababu ndiyo biashara ya mahali hapa. Mara baada ya chakula, mtu fulani hupitisha chetezo cha udi kati ya wageni. Udi wenyewe ni mzuri, na nyumba nyingi za pwani haziwezi kupokea arusi au maulidi bila huo. Lakini ukifukizwa kwa wingi namna ile ndani ya ua uliozungukwa na kuta, hufunika moshi wa korosho, hufunika nazi, hufunika hata upepo wa bahari unaoleta harufu ya matope na mikoko maji yanapokupwa, na hivyo kuzima kwa dakika moja kazi ambayo mpishi ameifanya kwa saa mbili. La pili ni kipaza sauti. Mshairi wa kwanza alighani kwa kinywa chake na kila mtu alinyamaza ili amsikie. Kuanzia wa pili, spika ilifunguliwa, ikaunguruma, ikatoa mlio mkali, na kuanzia hapo watu wakaanza kuzungumza huku mashairi yakighaniwa, kwa kuwa sasa ilikuwa lazima wapaze sauti ili wasikilizane. Ua wenyewe ni mdogo. Sauti ya mtu inatosha.

Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria tangu usiku ule. Ahadi ya mlangoni inasema utakumbuka kwenu, lakini kwenu ni wapi ikiwa wewe si mtu wa kusini? Karibu nami aliketi kijana mtumishi wa serikali, mwenyeji wa Bukoba, aliyehamishiwa Mtwara kikazi. Moshi wa korosho ulimtoa machozi ya kawaida tu, ming'oko aliionja kwa udadisi, na ule ubeti wa debe aliusikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Mwishoni mwa jioni, mpishi alianza kukaanga buni kwenye kikaango kwa ajili ya kahawa chungu ya kufungia mlo. Harufu ilipompata, kijana aligeuka upande wa jikoni na kukaa hivyo. Hapakuwa na shairi la kahawa usiku ule. Baada ya muda akaanza kutusimulia, bila kuulizwa, juu ya babu yake, na kahawa ya kutafuna ambayo wageni wa kwao hukaribishwa nayo, na namna watoto walivyokatazwa kuigusa mpaka wakubwa waanze. Alisimulia vibaya, akirudi nyuma na kujisahihisha, akitafuta majina ya vitu kwa Kihaya na kuyakosa kwa Kiswahili. Meza yetu yote ilimsikiliza kwa makini kuliko ilivyomsikiliza malenga wa pili. Ikiwa wenye nyumba wanataka kuboresha kitu kimoja tu, ningependa waitumie robo saa ile ya kahawa kuwaachia wageni nafasi ya kusema, kwa shairi au kwa maneno ya kawaida, kabla hawajafungua tena spika.

Kuhusu mambo mengine sina mengi ya kusema. Gharama ni shilingi 15,000 kwa mtu mzima, chakula na kahawa vikiwemo, na kwa kiasi cha samaki anayepakuliwa siioni kuwa ni ghali. Choo ni safi, ingawa njia ya kukiendea haina taa. Mbu wapo, na huanza kazi mara tu moshi unapotulia. Vinywaji baridi vilikuwa vya moto. Msimu wa mabibo, unaokwenda pamoja na mavuno ya korosho kuanzia mwishoni mwa mwaka, binti alituambia kwamba hutolewa maji ya mabibo yaliyokamuliwa siku hiyo. Anayekusudia kuyanywa asivae nguo nyeupe, kwa maana doa la bibo halijui sabuni.

Anayetaka kwenda afike kabla ya magharibi, kwani debe huwekwa motoni mapema na anayechelewa hukuta maganda matupu. Achague mkeka ulio upande wa jikoni, isipokuwa kama ana pumu au kifua kibovu, kwa sababu moshi ule hauna mzaha. Kwa mtu wa namna hiyo kuna baraza upande wa bahari ambako kila kitu husikika. Na usafiri wa kurudi mjini apatane mapema na mwenye bajaji, wakubaliane bei na saa kabisa, kwa kuwa mashairi huisha usiku na daladala zimekwisha kulala.