Skrini ya matangazo: flashi au programu ya mtandaoni?

Skrini moja ukutani, tangazo lilelile mwezi mzima: hapo flashi inatosha, na anayekushawishi ulipie programu kila mwezi anakuongezea mzigo tu. Andaa video ya MP4 yenye pikseli 1920 kwa 1080, chomeka flashi kwenye televisheni, washa marudio, basi.

Ugumu huanza ratiba inapoingia. Flashi haijui saa. Tangazo la asubuhi litaonekana hadi usiku, na ofa iliyokwisha itabaki pale mpaka mtu apande ngazi kuichomoa. Programu ya mtandaoni hukuruhusu kupanga picha na video kwenye orodha, kisha kuiwekea siku, saa ya kuanza na tarehe ya mwisho. Hiyo tarehe ya mwisho wengi huiacha wazi, ilhali ndiyo inayoepusha aibu. Skrini kumi zilizotawanyika unazibadilisha ukiwa umekaa mahali pamoja.

Na intaneti ikikatika? Programu nyingi hupakua maudhui na kuyahifadhi kwenye kifaa kilichounganishwa na skrini, hivyo matangazo huendelea. Kinachokwama ni mabadiliko mapya, pamoja na taarifa za papo kwa papo kama hali ya hewa. Kagua pia saa za eneo kwenye kifaa. Zikikosewa, ratiba nzima husogea.

Mimi ningehamia kwenye programu mara tu tangazo linapoanza kubadilika kila wiki, hata kwa skrini moja. Ila nywila iwe imara: anayeiba flashi huzima skrini moja, anayeiba nywila huzishika zote.