Kikapu cha kupikia: chombo kinachomdai mpishi subira

Kikapu cha kupikia kisichotumia moto si chombo kigumu kukieleza. Ni kikapu kilichofumwa, kikatandikwa sponji nene na kitambaa ndani, kisha kikashonewa mto wa kufunikia. Sufuria iliyokwisha kuchemka hutumbukizwa humo, mto hukandamizwa juu yake, na joto ambalo lingepotea hewani hubaki likiivisha chakula bila makaa wala gesi. Changu nilikinunua kwa akina mama wanaovishona hapa Nakuru, nami ninakisifu kwa dhati, ingawa si kwa kila pishi.

Wali hauna shida: ukichemka dakika tano hivi na kuingizwa kikapuni, huiva kwa takriban saa moja bila ukoko.

Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ndiyo inayokipima chombo hiki, pamoja na mpishi wake. Mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, jambo linalofanya mahindi makavu na maharagwe kuchelewa kuiva hata juu ya jiko lenye moto mkali. Mimi huyaloweka usiku kucha, nikamwaga maji yale, kisha nikayaacha yatokote kwa nguvu kwa zaidi ya nusu saa kabla ya kuyafunika kikapuni kwa saa nne hivi. Hatua ya kuchemsha haipunguzwi kwa hali yoyote, kwa kuwa maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo uvuguvugu hauiondoi. Ni lazima yatokote kwa angalau dakika 10. Vilevile chakula hakifai kulala humo, maana kikipoa chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaana.

Baada ya hapo mpishi hana la kufanya, na hilo ndilo gumu. Hakuna mvuke wa kutazama wala mlio wa kusikiliza, na kila anayefunua ili kuhakikisha huachia joto lilelile linalofanya kazi, akajiongezea muda wa kungoja. Binti yangu, aliyehitimu ualimu na bado anasubiri ajira, ndiye ninayepika naye. Sote wawili tumekuwa tukiomba juu ya jambo hilo, na mara nyingi maombi yetu yamekuwa kama kufunua sufuria: tunamkabidhi Mungu asubuhi, tunamnyang'anya jioni. Nabii Habakuki aliandika juu ya njozi iliyowekewa wakati wake, "ijapokawia, ingojee". Ninaamini kwamba kungoja huko hakumwondolei mtu kazi yake, kwani kikapu hakiivishi maharagwe ambayo hayakuchemshwa. Binti yangu ameandaa vyeti vyake, anafundisha watoto wa jirani, na yaliyosalia yamo mikononi mwa Mungu, ambaye hahitaji tumchungulie.

Nirudi kwenye kasoro. Kitambaa cha ndani cha kikapu changu kimeshonewa moja kwa moja, hivyo mchuzi ukimwagika ni taabu kukifua, na harufu ya vitunguu hukaa. Anayenunua aombe kile kinachovuliwa. Aende pia na sufuria yake aipime, kwa sababu nafasi tupu pembeni hupoteza joto, na sufuria iliyojaa nusu hupoa upesi kuliko iliyojaa. Ugali na chapati havihusiki hapa. Anayeondoka alfajiri na kurudi usiku hatafaidika nacho sana, kwa kuwa saa hizo ni nyingi mno kwa usalama wa chakula, lakini anayeshinda nyumbani au shambani karibu ataokoa makaa mengi. Nimeagiza cha pili, kikubwa zaidi na chenye kitambaa cha kuvua, kwa ajili ya siku ambazo jumuiya ndogondogo hukutana kwetu.