Mwezi mzima na fidla ya Salonen

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kama walimu wengi wa kwaya, natunga pia. Kushika vyote viwili ni tabu: ukitoka mazoezini jioni, kichwa kimejaa nyimbo za wengine, zako hazina pa kukaa. Ndiyo sababu nilimtafuta Esa-Pekka Salonen, mtunzi na kiongozi wa okestra kutoka Ufini. Alizaliwa Helsinki mwaka 1958, akajifunza kupuliza horni, akataka kuwa mtunzi, kisha kazi ya kuongoza okestra ikamteka. Mwaka 1983 aliitwa London kwa dharura aongoze Simfoni ya Tatu ya mtunzi Mahler, ambayo hakuwahi kuiongoza, na jina lake likavuma. Okestra ya Los Angeles ikamshika toka 1992 hadi 2009.

Niliyonunua ni Out of Nowhere, albamu ya mwaka 2012. Anaongoza mwenyewe okestra ya redio ya Ufini, kwa kazi zake mbili. Ya kwanza ni konseto ya fidla, yaani kazi ya fidla moja mbele ya okestra nzima, aliyoiandika akijiandaa kuaga Los Angeles ili apate muda zaidi wa kutunga. Leila Josefowicz, aliyeipiga mara ya kwanza kabisa, ndiye anayeipiga hapa.

Siku ya kwanza nilisikiliza kwa spika ya simu, nikapoteza nusu yake. Vaa hedifoni, tena usiku. Fidla inaanza kana kwamba muziki ulikuwa unaendelea kitambo, wewe ndiye uliyechelewa kuingia. Sehemu ya pili ni tulivu mno. Ngoma inadunda kwa chini kama moyo wa mtu aliyelala kando yako. Ya tatu inaleta dramu za bendi kabisa! Niliirudia mara nne. Lakini ni ya mwisho, Adieu, iliyonikaba koo. Fidla inaaga taratibu, na pale unapodhani imekwisha, zinalia kwa pamoja sauti ambazo hazikusikika popote kabla yake.

Nyx, kazi ya pili, bado sijaizoea. Inajaa sana, ingawa horni zake ni tamu; unajua kabisa mwandishi wake aliwahi kuzipuliza.

Duka la mtandaoni nililonunulia halikunipa kijitabu cha maelezo. Nimedai, nasubiri. Ukiweza, nunua CD.

Jumamosi iliyopita nilimwachia msaidizi wangu mazoezi, nikabaki nyumbani na daftari langu la noti.